Sauti Iliyobaki Mahakamani

Wallahi hili ni kweli tupu, na anayebisha aje nimwoneshe mahakama yenyewe. Katika jimbo lile, jaji akichaguliwa kuingia Bungeni, sauti yake hubaki mahakamani, ndani ya mashine, ikiendelea kuhukumu. Ya Jaji Mkunde ilibaki. Bungeni yeye akatunga sheria: atakayemwagilia bustani maji ya mgawo, kifungo, hakuna faini.

Wa kwanza kunaswa akawa Hiza, mumewe, na kitalu chake cha mchicha.

Mkunde akaenda kuisihi sauti yake. "Mwachie mume wangu. Mimi ndiye wewe."

"Mume wetu," ikamsahihisha, kwa upole ambao yeye aliuacha kwenye kampeni. "Na sheria ni yako. Atatumikia miezi mitatu humu humu, chini ya uangalizi wangu." Kisha ikamgeukia mshtakiwa. "Umekonda, Baba Rehani. Nani anakupikia siku hizi?"

"Najipikia, mke wangu," Hiza akaijibu.

Mkunde hakukumbuka mara ya mwisho kuitwa hivyo. Akamshika mkono. "Twende nyumbani, Hiza. Tutakata rufaa."

"Usinisubiri, Mheshimiwa," akasema, akivua viatu kama mtu aliyefika kwake.