Bingwa wa Mingoyo

Kornelio alikosea nywila mara ya tatu, akaitukana simu.

Tangu apigiwe kutoka Tingi, kijijini kwa Alfonsi, asubuhi ile, hakuwa ametia kitu kinywani. Alikaa barazani kwake Rasbura, miwani puani, anamtafuta Alfonsi. Lazima ampate leo. Kesho watu wote watakuwa Tingi, na hapo ndipo atakapomlipa.

Akampigia Mastura wa maktaba.

"Shikamoo mzee. Huna haja ya kuja huku. Weka namba ya kadi yako kwenye tovuti yetu, halafu nywila niliyokutumia, herufi zote ndogo. Magazeti ya zamani yamo humo humo, utayasoma ukiwa kwako."

Kinyongo chenyewe kilikuwa cha siku nyingi. Ujanani walishindana mbio za baiskeli, Mingoyo hadi Lindi. Alfonsi akatangulia kufika, na toka hapo hakumpa mwenzake nafasi ya kupumua. Harusini, sokoni, hata nje ya kanisa: "Huyu nilimwacha Mingoyo akihema kama mbuzi mwenye mimba." Kornelio alisikia kwamba baadaye gazeti la Dar liliandika mengine. Lakini gazeti lenyewe lilishafungiwa vitumbua zamani, na Alfonsi alikana mchana kweupe.

Na si hilo tu. Miaka michache nyuma, siku iliyomuuma Kornelio kuliko zote, Alfonsi alisimama katikati ya umati akatangaza kwamba mtu huyu ni bahili, hata machozi anayatoa kwa kipimo. Watu wakaangua kicheko. Siku ile Kornelio aliapa kwamba zamu yake itafika.

Mkewe, Flora, akatoka na kanga alizozikunja.

"Kweli kesho, Kornelio? Mbele ya Devota?"

Devota ndiye mke wa Alfonsi.

"Hasa mbele ya Devota."

"Na wanawe?"

"Na wao wasikie baba yao alishindaje."

Flora akazitia kanga mkobani. "Basi sauti isikukatike wakati wa kusoma."

"Mdomo wote ule," Kornelio alisema, "safari hii hajibu." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaifuta tena.

Nywila ikakubali. Akaandika Alfonsi, akaandika Mingoyo. Zikaja habari za barabara, za ufuta, za daraja lililobebwa na maji. Akafuta, akaandika baiskeli. Habari yenyewe hiyo hapo, chini kabisa ya ukurasa, imebanwa na tangazo la sabuni: mshindi amenyang'anywa zawadi baada ya mashahidi kumwona, yeye na baiskeli yake, juu ya lori la korosho.

Kornelio akapiga paja. "Nimekupata, mwizi wewe."

Akaenda steshenari wakamchapishia kwa maandishi makubwa.

Kesho yake alasiri, Tingi ilijaa watu. Kornelio aliwapenya mmoja mmoja mpaka mbele, bila kumsalimu mtu, karatasi mkononi. Hakuna aliyemzuia.

Akarukia shimoni, akajilaza chali juu ya udongo mbichi, na wanaume wakabaki wamesimama na jeneza mikononi. "Hashuki humu," alisema, machozi yakimtiririka bila kipimo, "mpaka niwasomee mtani wangu alivyokuwa bingwa akiwa juu ya lori." Wa kwanza kucheka alikuwa mjane.