Sweta la Mikono Miwili

Siku hizi mwaka mpya hutolewa kwa zamu. Kilima kisichopewa hurudia Desemba, na kila kitu hurudi kilivyokuwa tarehe mosi, isipokuwa kumbukumbu zetu. Kilima chetu kimenyimwa tena na tena, kwa hiyo mimba yangu haijavuka mwezi wa nane.

Mama mkwe wangu, Mghoi, anamfumia mjukuu sweta. Kila Desemba hufuma mkono wa pili, akaumaliza siku ya mwisho, na kesho yake nalikuta kapuni lina mkono mmoja. Yeye hucheka tu, akashika sindano upya. Daktari alimwambia Krismasi ataiona, Januari hataimaliza.

Jana, ibada ya kufunga mwaka, mchungaji aliuliza nani ana ombi. Mama akasimama, ameegemea bega langu.

“Tuombeeni mwaka,” alisema. “Mjukuu wangu amechoka kusubiri.”

Kanisa zima likaitikia amina. Mimi nikaushika mkono wake uliokuwa begani mwangu.

Njiani nikamuuliza, “Mama, kwani Desemba hii ina ubaya gani?”

“Haina ubaya, Wakesho. Lakini hata Mariamu ilifika siku akajifungua.”

Leo nimeamka kabla yake. Ukungu umelala juu ya migomba. Nimelitoa sweta kapuni, nikalikunjua mapajani taratibu. Tumbo limenikaza, likaachia.

Chumbani mama anakohoa.

“Wakesho,” ananiita, “lina mikono mingapi?”

Nimelikumbatia lote, na mikono yake miwili.