Mgeni Kutoka Songea

Mama Scholastica aliziba mdomo kwa kiganja, akakipa kisogo kiti cha daktari wa meno.

"Mama yangu, fumbua kidogo tu," nesi Siwema alimbembeleza. "Daktari Cuthbert anasubiri hapo nje."

"Na aendelee kusubiri. Sikatai kukatwa. Yule ndiye simtaki."

Waliokaa benchi la mlangoni walicheka. Wakasema mama wa Kitura, kule milimani kwenye kahawa, anadharau vijana wa ziwani. Mwenyewe hakubisha. Cuthbert naye alibaki huko huko nje, hathubutu hata kuchungulia.

Lakini uvimbe wa mama huyo mdomoni haukuwa na mzaha. Miaka ya nyuma alichomwa mionzi Dar kwa saratani ya ulimi, akapona. Sasa kaakaa limefura, meno ya bandia hayakai, na hata usipa, visamaki vya ziwani anavyokaangiwa na binti yake Emiliana, mwenyeji wake hapa, anaumeza kwa machozi. Kila mtu alisema ugonjwa umerudi. Bila kukata kinyama kikapimwe, hakuna aliyejua, na tiba ya kubahatisha ingeweza kummaliza. Aliogopa, tena sana. Mdomo hakufumbua.

Wiki iliyofuata Siwema alimpokea kwa bashasha. "Mama, una bahati! Tumepata daktari mgeni kutoka Songea. Ila mafua yamemkausha sauti, nitamsemea mimi."

"Na yule wenu?"

"Yuko likizo."

Mgeni akaingia: kofia hadi kwenye nyusi, barakoa hadi chini ya macho, miwani mikubwa ya plastiki, na gauni la kijani la upasuaji. Mama Scholastica alimkagua kuanzia kofia mpaka viatu vya kahawia. Kwenye viatu alikawia kidogo. Kisha akalala kwenye kiti, akafumba macho, akafumbua mdomo wote.

"Huyu sasa ndiye daktari," alisema baadaye, pamba ikiwa bado kinywani. "Mkono mwepesi. Siyo yule wenu."

Mgeni akakohoa.

Majibu yalipotoka, mgeni alirudi akiwa amejifunika vilevile, akasimama nyuma ya Siwema.

"Siyo ile ya ulimi, mama," Siwema alisema. "Hii ni limfoma, saratani nyingine kabisa, ni nadra kuiona mdomoni. Tungebahatisha, ungechomwa tena mionzi palepale bure. Hii mara nyingi inasikia dawa za dripu."

Mama Scholastica alilia bila kujificha, akajifuta kwa ncha ya kitenge. Alipotulia, akageukia ukutani, mgeni akabaki mgongoni kwake.

"Siwema, mwambie mgeni wako ahsante. Mwambie pia visigino vya hivyo viatu vimeisha. Kahawa yangu ikiuzwa nitamnunulia vingine, kama nilivyomnunulia hivyo siku alipomwoa Emiliana wangu, akawa mkwe ambaye kwa mila zetu simfumbulii mdomo."