Mama Amezidiwa

"Haloo! Mama amezidiwa!"

Baltazari alikuwa amesimama juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, maana hapo tu ndipo mtandao unaposhika. Sauti iliyomjibu kutoka kituo cha afya ilikuwa ngeni. Sista Lucia, aliyemhudumia mama tangu mwanzo, alikuwa likizo.

"Mimi nesi Edwin. Mama ana nini?"

"Moyo! Una tundu. Midomo imegeuka bluu, pumzi hapati. Sista alisema ikiwa hivi mje na oksijeni."

"Anakula?"

"Maziwa tu, kwa mpira wa puani. Njooni, ndugu yangu, nampoteza mama!"

"Naja na gari. Mleteni barabarani, na mumfunike vizuri."

Ndani, Jenifa, mke wa Baltazari, alikuwa amemwegemeza mgonjwa kifuani, machozi yanamtiririka. "Mama mkwe, usinifanyie hivi, jamani." Siku zote alimtania: mama mkwe gani huyu, halimi, hapiki, kazi yake kuamrisha tu, akitaka maziwa nyumba nzima haikaliki! Na mama hucheka mpaka yale meno yake mawili yanaonekana. Leo hakucheka.

Baltazari akamfunga mgongoni kwa blanketi zito, akatoka mbio. Upepo wa asubuhi Ufipa hauna huruma. Alikata katikati ya shamba la ulezi, Jenifa nyuma yake, khanga imemdondoka na wala hakugeuka kuiokota. Mama alikuwa mwepesi mno, na wepesi ule ulimuuma Baltazari kuliko mzigo wowote aliowahi kubeba.

"Mama, usiniache tena," alimwambia. "Safari hii sitaweza."

Mgongoni alisikia pumzi moja, kisha kimya, kisha nyingine ndogo.

Gari lilikuwa limeshafika. Mungu mkubwa! Edwin akaruka chini na mkoba wake, mtungi wa oksijeni tayari, kijana mwenye haraka na moyo wa kazi. "Mama yuko wapi?"

"Huyu hapa." Baltazari akapiga magoti, akafungua blanketi.

Edwin akatazama ndani. Akamtazama Jenifa aliyekuwa anahema pembeni, kisha akarudisha macho kwenye blanketi.

"Namuulizia mama, mzee. Mgonjwa."

"Ndiye huyu! Agnesi. Tulimpa jina la marehemu mama yangu. Haraka, baba!"

Edwin akachomoa barakoa ya kusukumia hewa, akaiweka. Ikamfunika kichanga wa miezi minane kuanzia paji la uso hadi chini ya kidevu. Akaibana kwa mikono yote miwili, na bado hewa ikavuja pembeni kote.

"Ulisema mama," alisema. "Za watoto nimeziacha mezani."