Farasi wa Wakwe

Farasi alikuwa amesimama kwa miguu mitatu, wa nne kauinua kama bibi harusi anayeogopa tope. Mbele yake Dauletbek alikuwa amepiga magoti, analia.

Mkewe, Kulyash, alimtazama kutoka mlangoni. "Mimi nilipovunjika mkono, wewe ulikwenda kucheza karata."

"Mkono wako sikuwaahidi wakwe!"

Hapo ndipo palipouma. Wakwe wa mtoto wao walikuwa waje kutoka Almaty theluji ya kwanza ikianguka. Safari iliyopita waliondoka wakinong'ona kwamba watu wa nyikani wana mkono wa birika. Aibu ile ilimkaa Dauletbek kooni, na safari hii aliwaahidi farasi huyu, tena mbele ya mashahidi.

Daktari wa mifugo, Raushan, akaitwa. Alishika kifundo, mshipa unadunda. Akagusa ukwato, moto. Akaubana kwa koleo, akiuzunguka pole pole, mpaka farasi akaruka na kujamba.

"Ni hapa."

Akakwangua kwa kisu. Kikatokea kitundu cheusi. Akakichimba, na usaha ukaruka moja kwa moja kwenye masharubu ya Dauletbek.

"Alikanyaga msumari, mzee wangu. Umetoka wenyewe, uchafu ukabaki ndani. Sasa nimpige sindano..."

"Sindano hapana! Dawa isiingie mwilini mwake."

Raushan akamtazama kidogo, akairudisha sindano mkobani bila ubishi. "Basi loweka ukwato kwenye maji moto ya chumvi, asubuhi na jioni, umfunge kitambaa safi. Na ale vizuri. Mwenye maumivu hukonda upesi. Anaitwa nani?"

"Aitwe nani? Farasi ni farasi."

Dauletbek akageuka yaya. Alibeba ndoo, akafunga vitambaa, akafua vitambaa, yeye ambaye hajawahi kufua hata soksi yake. Shayiri nzuri ilikwenda zizini, Kulyash akabaki na viporo. Kila asubuhi mzee alipapasa mbavu za farasi kwa vidole na kuchekelea peke yake. Majirani wakasema kaoa mke wa pili, mwenye mkia.

"Angalau huyo hakoromi," Kulyash akawajibu.

Theluji ikaanguka, wakwe wakafika. Farasi akatimka ua mzima bila kuchechemea hata chembe, manyoya yanang'aa, makalio yamejaa. Wakwe wakapiga makofi. Mkwe mkubwa akakunjua viganja, akaomba dua ndefu, wote wakaitikia amina.

Dauletbek akamkumbatia farasi shingoni, machozi yanamlengalenga. Alikuwa amempenda, hakuna wa kubisha.

Kisha akakunja mikono ya shati. "Kulyash, lete kile kisu kirefu. Na utumbo uuoshe vizuri, tuujaze nyama, mbavu zina mafuta unene wa vidole vinne!"