Viatu vya Meneja

Meneja aliyetoka Korea Kusini alivua viatu vyake vilivyolowa theluji, akavitandikia gazeti la Kaskazini, akaenda zake kunywa chai. Hyang-sim, msimamizi wa washonaji, akaganda. Soli ya kushoto ilikuwa juu ya picha ya uso wa Kiongozi.

Maji meusi yalichuruzika kutoka kwenye paji hadi mdomoni.

Akitoa taarifa, kiwanda hiki cha pamoja cha Korea mbili kitafungwa kesho, na wanawake mia mbili watarudi kwenye njaa. Akinyamaza na ikajulikana, atapotea yeye na mama yake.

Akalivuta gazeti. Ili alifiche ilibidi alikunje, na mkunjo ungepita katikati ya uso ule. Kwao, watu walishapotea kwa mkunjo mmoja tu. Alilikunja huku amefumba macho, akalisukumiza ndani ya blauzi, chini ya beji yenye uso uleule.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia ofisa wa Chama.

"Komredi Hyang-sim, mbona umejikumbatia kama bibi harusi?"

"Baridi tu, komredi."

"Basi njoo upate joto. Shika huku, tunyanyue hili jora."

Hyang-sim akainama. Gazeti likalia chakacha kifuani.