Koko wa Kibirizi

Mfugaji wa mbwa alipoinama kuokota jiwe, Yunisi alijua kile kijibwa cha kizungu hatakichukua tena.

Alikuwa amekipakata, kinene, kinanukia sabuni. Kaka yake ndiye aliyemleta hapa, apate mbwa wa maana wa kulinda dagaa anaowaanika ufukweni Kibirizi. Lakini mbwa koko wa ufukweni, yule jike ambaye kila siku humfukuzia kunguru bila kuonja hata dagaa mmoja, alikuwa amewafuata mpaka getini.

"Toeni uchafu huo, ataniambukizia wangu!" mfugaji alifoka. "Hata mbegu yake haijulikani."

"Na yangu unaijua?" Yunisi aliuliza.

Jiwe lilimpata koko ubavuni. Hakulia. Alisogea tu, akauegemea mguu wa Yunisi, na hapo Yunisi akauona vizuri waya wa mtego shingoni mwake. Nyama ilikuwa imeota juu yake, kama gome la mti linavyomeza msumari.

"Dada, usinitie aibu," kaka yake alinong'ona. "Mbwa mzuri si huyo umemshika?"

Yunisi alimkabidhi kaka yake kijibwa. Mfugaji alikuwa ameshaokota jiwe jingine. Yunisi akafungua kilemba chake mbele ya wanaume hao wawili, nywele zikabaki wazi, akapiga magoti vumbini na kumfunga nacho koko shingoni, taratibu, juu ya ule waya.

Kisha akasimama, akamtazama mfugaji usoni.

"Huyu sasa ana mwenyewe," alisema. "Haya, rusha."